Cheti cha Kilimo Hai Hupotelea Ghalani
Hotuba kwa viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), maafisa ugani na wakaguzi wa ndani wa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Ndugu viongozi wa vyama vya ushirika, maafisa ugani wa kata, wakaguzi wa ndani, na wakulima mliotoka Kyela, Rungwe, Mbozi, Njombe na Mufindi: kamwene, mugonile.

Nianze na namba moja: miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni gramu moja ya kiuatilifu ndani ya tani 100 za zao. Umoja wa Ulaya hutumia kiwango hicho kwa kiuatilifu chochote ambacho hakikuwekewa kikomo chake maalumu, na wanunuzi wengi wa mazao hai (ogani), hasa wa Ujerumani, wamekigeuza kuwa mstari wa kupimia mzigo. Kontena la kahawa la tani 19 huuvuka mstari huo kwa chini ya robo gramu. Kilichobaki kwenye kifuniko cha chupa ya dawa kinaweza kuzidi hapo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wetu leo nitaitumia kwenye magunia, maghala na madaftari. Mkulima anayepulizia dawa makusudi yupo, lakini huyo ndiye rahisi kumkamata: majani yanaonyesha, jirani anajua, bomba liko ukutani. Kinachotuangusha ni mkulima mwaminifu ambaye kahawa yake imelala usiku mmoja kwenye kiroba kilichokuwa cha mbolea.

Nani anasimamia nini? Kwetu jambo hili halikukaa kwenye ofisi moja. Kiwango chenyewe ni cha Afrika Mashariki, EAS 456, kilichopitishwa mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. TBS ndiyo yenye dhamana ya viwango na ya usalama wa chakula kinachofungashwa. Viuatilifu viko TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mbegu ziko TOSCI. Mbolea za dukani, hata zile za asili, ziko TFRA. TOAM, iliyoanza mwaka 2005, inaunganisha wadau wa kilimo hai, na mwaka 2023 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai unaofika 2030. Yote hayo ni mema. Lakini angalieni pengo lililo katikati. TPHPA ikisajili dawa, maana yake dawa hiyo inaruhusiwa kuuzwa na kutumika Tanzania kwa zao na kipimo kilichoandikwa. Usajili huo hausemi kwamba inaruhusiwa kwenye shamba la kilimo hai. Muuza pembejeo wa Mwanjelwa anaweza kukuambia kwa moyo safi kabisa kwamba dawa "imesajiliwa na ni ya asili", akawa amesema kweli, na ukapoteza cheti.

Kilimohai ina njia mbili. Ya kwanza ni kukaguliwa na taasisi ya ithibati, yaani inayotoa cheti. Ya pili ni mfumo shirikishi wa uhakiki, ambapo wakulima wenyewe, pamoja na walaji na afisa ugani, hukaguana kwa utaratibu ulioandikwa. Hii ya pili ni nafuu na inafaa sana kwa mboga, maharage na asali zinazouzwa Mbeya mjini, Iringa au Dar es Salaam. Naipenda, na naona halmashauri zetu zingeipa nafasi zaidi sokoni. Ila haivuki bahari. Soko la Ulaya na la Marekani hayakubali mfumo shirikishi wa kwetu. Yanataka cheti cha taasisi waliyoitambua wao. Kikundi kinachotaka kuuza kakao nje kisianze na njia hii kikidhani kitapandishwa daraja baadaye.

Tukiingia kwenye masoko hayo mawili, swali la kwanza la mkaguzi ni tarehe. Marekani inataka miezi 36 kamili kutoka siku ya mwisho ya kutumia kitu kilichokatazwa hadi siku ya kuvuna. Mkulima wa Mufindi aliyepulizia kiuagugu chini ya miparachichi tarehe 10 Machi 2024 hawezi kuvuna tunda hai kwa soko hilo kabla ya tarehe 10 Machi 2027, hata kama amebadilika siku iliyofuata. Ulaya inataka miezi 24 kabla ya kupanda kwa mazao ya msimu, na miezi 36 kabla ya mavuno ya kwanza ya kilimo hai kwa mazao ya kudumu kama kahawa, kakao, chai na parachichi. Wengi husema, "Sisi huku Kyela hatujawahi kuweka dawa tangu enzi za babu." Inawezekana kabisa ni kweli, lakini mkaguzi hawezi kuweka kauli hiyo kwenye faili ikasimama peke yake. Miezi hiyo ya kusubiri, yaani muda wa mpito, haiwezi kufupishwa bila ushahidi ulioandikwa kuhusu shamba lile, kwa miaka isiyopungua mitatu. Afisa ugani ambaye daftari lake la ziara limejazwa vizuri anaweza kumwokolea mkulima miaka.

Sasa nitulie kwenye jambo ambalo limewachanganya viongozi wengi wa AMCOS. Sheria mpya ya Ulaya, namba 2018/848, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwa nchi zilizo nje ya Ulaya, utaratibu wa zamani wa kuwa na masharti "yanayolingana" ukawekewa ukomo, na sasa mkulima wa Rungwe anatakiwa kufuata masharti yaleyale ya mkulima wa Ulaya. Zamani msafirishaji ndiye aliyeshika cheti na wakulima walikuwa orodha ndani ya faili lake. Sheria mpya inataka kikundi chenyewe kiwe chombo kinachotambulika kisheria, kisizidi wanachama 2,000, wawe wa eneo moja, wawe na mfumo wa pamoja wa kuuza na mfumo wa udhibiti wa ndani. Mwanachama hutazamwa pia kwa ukubwa wa shamba au kipato. Kigezo kinachowahusu wengi wenu ni shamba lisilozidi hekta 5. Na hapa ndipo penye mtego: kikundi kinatakiwa kiwe cha wakulima walio ndani ya kilimo hai au walio kwenye kipindi cha mpito, basi. AMCOS yenye wanachama 900, ambao 350 wako kwenye kilimo hai na 550 hawamo, haiwezi kujiandikisha yote kama kikundi kwa sababu tu tayari ina hati ya usajili. Wale 350 wanahitaji chombo chao, chenye katiba yake na orodha yake. Na mkulima hawezi kuandikwa kwenye vikundi viwili kwa zao lilelile. Anayeuza kakao kwa vikundi viwili ili apate bei nzuri huharibu vyote viwili.

Mkaguzi wa nje akija, hatakagua kila shamba. Kwa Ulaya atarudia kukagua angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, na sampuli zitachukuliwa kwa angalau asilimia 2. Kwa kikundi cha watu 350 hiyo ni mashamba 18, na sampuli 7. Mashamba 332 yaliyobaki yanasimama juu ya neno la mkaguzi wa ndani, yule wa kikundi chenyewe. Jambo hili nataka liwaingie viongozi mnaopanga bajeti: msimamizi halisi wa kilimo hai katika nchi hii ni yule kijana wa kijiji mwenye pikipiki na fomu, ambaye mara nyingi mnamlipa posho ya msimu na kumwita tu wakati mkaguzi wa nje anakaribia. Yeye ndiye anatakiwa kumfikia kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka, na ziara hiyo iwe kabla ya mavuno, si baada ya mzigo kufika ghalani. Asikague shamba la baba yake, la mkewe wala la mtu anayemdai. Mkibadilishana wakaguzi kati ya vijiji, tatizo hilo linaisha bila gharama.

Akifika shambani afanye nini? Asianze na fomu. Azunguke mpaka wote kwa miguu, simu ikirekodi alama za shamba, kisha alinganishe eneo na lile lililoandikwa mwaka jana. Eka moja na nusu iliyogeuka kuwa eka tatu ni swali: ama amenunua shamba jipya ambalo halijapita kipindi cha mpito, ama mwaka jana hakuna aliyepima. Ahesabu miti. Aangalie magugu: yaliyokauka yote kwa pamoja, yakiwa yamesimama, rangi ya manjano inayoelekea kahawia, hayakupigwa jembe. Aingie stoo, aombe kuona bomba la kupulizia na aulize nani mwingine huliazima, maana bomba lililopulizia viazi wiki iliyopita haliwi safi kwa kusuuzwa mara moja. Aangalie chupa tupu nyuma ya choo na kwenye mtaro. Aulize mbegu ilitoka wapi na aione pakiti. Mahindi yenye rangi nyekundu au ya kijani yamepakwa dawa ya kuvu au ya wadudu, na hata yakipandwa kando ya kahawa hai yanaweza kulifungia shamba hilo. Halafu ndipo aandike, mkulima akiwa amesimama pale, na wote wawili watie sahihi. Fomu 40 zenye mwandiko mmoja, kalamu moja, tarehe moja na neno "safi" kila mstari, mkaguzi wa nje huzigundua kabla hajamaliza chai. Kikundi ambacho wakaguzi wake wa ndani hawajapata kosa hata moja mwaka mzima hakimpi mtu imani. Kinaonyesha tu kwamba hakuna aliyetembea.

Nije kwenye pembejeo, kwa sababu hapa kuna dhana inayotuumiza: kwamba cha asili kinaruhusiwa na cha kiwandani hakiruhusiwi. Sivyo hivyo. Utupa, ambao wengi wenu mnautumia kwenye maharage na kuogeshea mifugo, una rotenoni, sumu ileile inayoua samaki mtoni. Marekani imekataza rotenoni kwenye kilimo hai. Maji ya tumbaku ya kuua vidukari nayo yamekatazwa huko, na nikotini huonekana wazi kwenye vipimo. Pareto ya kwetu, ile inayolimwa Umalila, Ileje na Mufindi, inaruhusiwa, lakini dawa nyingi za pareto za dukani zimeongezewa piperonili butoksaidi ili kuitia nguvu, na nyongeza hiyo hairuhusiwi kwa soko la Marekani. Kwa hiyo someni lebo hadi mwisho, si jina la mbele tu. Kwa upande wa mbolea, fosfeti ya Minjingu iliyo mwamba uliosagwa inaweza kukubalika. Ile iliyochanganywa na naitrojeni ya kiwandani haikubaliki hata kidogo, na mifuko yake inafanana kiasi cha kumpoteza asiyesoma. Samadi ya kuku wa vizimba vya kibiashara haikubaliwi Ulaya, na hata samadi iliyo halali ina kikomo: kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka.

Dawa za shaba mnazipigia kutu ya majani na chulebuni kwenye kahawa, na kuoza kwa maganda kwenye kakao. Zinaruhusiwa, ila Ulaya wameweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Hizo ni kilo za shaba yenyewe, si za unga ulio kwenye pakiti. Dawa yenye shaba asilimia 50 ukiweka kilo 3 kwa hekta umeweka shaba kilo 1.5. Ukirudia mara tatu umefika 4.5, na huwezi kwenda hivyo miaka yote saba. Bila daftari la upuliziaji hakuna awezaye kuthibitisha jumla hiyo.

Mboji nayo ina masharti yake kwa soko la Marekani ikiwa imetengenezwa na samadi. Mchanganyiko uanzie kati ya sehemu 25 na 40 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Ikiwa imelazwa kwenye tuta refu, joto likae kati ya nyuzi 55 na 77 za Selisiasi kwa siku 15, na tuta ligeuzwe angalau mara tano ndani ya siku hizo. Huku Uporoto na Njombe, kwenye baridi ya Juni, tuta dogo halifiki joto hilo. Lipandisheni kimo na upana, mlifunike kwa majani makavu, na mnunue kipimajoto chenye mrija mrefu cha kikundi. Samadi isiyofikia vigezo hivyo huhesabiwa mbichi, na iwekwe shambani angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, siku 90 kwa lisilogusa.

Parachichi lina hatari yake ambayo haionekani kwa macho. Miche mingi hutoka vitalu vinavyopambana na kuoza kwa mizizi kwa kutumia dawa za fosfonati. Dawa hizo huingia ndani ya mti na kukaa kwenye mbao na mizizi kwa miaka, zikitoka kidogokidogo kwenye tunda. Mkulima hakupulizia chochote, shamba ni safi, tunda linakutwa na asidi ya fosfoniki. Ulizeni kitalu kabla ya kununua, mtake maandishi, na mhifadhi stakabadhi yenye namba ya kundi la miche. Bora zaidi kikundi kiwe na kitalu chake.

Kisha kuna milima yetu. Viazi mviringo hulimwa juu, kahawa na parachichi hukaa chini yake. Viazi hupigwa dawa za ukungu kila wiki wakati wa mvua, na maji ya mvua hayajui mpaka. Viwango vingi havitaji mita za ukanda wa kinga. Vinadai uthibitishe kwamba unazuia. Kwenye mteremko, mtaro wa kukingama juu ya shamba pamoja na mistari miwili mitatu ya majani ya guatemala au matete una thamani kuliko mita 20 za nafasi tupu. Upande upepo unakotokea, ua mnene ufike juu ya bomba linalopulizia. Na mistari ya kahawa iliyo karibu kabisa na jirani ivunwe peke yake, iuzwe kama ya kawaida, na iandikwe hivyo. Mkulima hulalamika kwamba anapoteza debe tatu. Ni kweli anazipoteza, na kikundi kinaokoa kontena.

Sasa ghalani. Kakao ya Kyela inapita kwenye stakabadhi za ghala, na kahawa nyingi inakusanywa AMCOS. Ghala moja linapokea hai na isiyo hai, mizani moja, karani mmoja, siku moja ya pilikapilika. Tenganisheni kwa ukuta au kwa chumba. Chaki sakafuni haitoshi, kwa sababu gunia hupasuka. Magunia ya mazao hai yawe mapya, yenye rangi au alama yake, na kila moja liwe na namba ya mwanachama. Viroba vya mbolea visiingie kabisa, hata vilivyofuliwa. Vumbi la kuhifadhia mahindi lisikae chumba kimoja na zao hai. Kwa nafaka na maharage tumieni mifuko isiyopitisha hewa, wadudu hufa bila dawa. Lori lililobeba mbolea asubuhi lifagiliwe, lioshwe, likauke, na dereva asaini fomu ya usafi kabla ya kupakia.

Karani awe na orodha ya makadirio mezani. Mwanachama mwenye miti 400 ya kakao iliyokadiriwa nusu kilo kavu kila mmoja anatarajiwa kuleta kilo 200. Akileta 230, sawa, makadirio ni makadirio. Akileta 500, mzigo usimame pale mlangoni, uwekwe pembeni na uandikwe, mpaka mkaguzi wa ndani arudi shambani. Mara nyingi ni kakao ya shemeji iliyopitishwa kwenye jina lake kwa sababu ya bei ya nyongeza. Hesabu hiyohiyo ifanywe baada ya kuchakata: kilo 100 za kahawa mbivu hutoa takribani kilo 20 za kahawa ya maganda. Mtambo wa kumenyea ukionyesha uliingiza tani 50 ukatoa tani 14, tani 4 zimetoka mahali ambapo cheti hakipajui. Tangu Machi 2024 Marekani inabana zaidi upande huu: mzigo unaoingia huko unahitaji cheti cha kielektroniki cha kila shehena, na ukaguzi wa mlinganyo wa kilo ni wa lazima. Kumbukumbu zote zitunzwe miaka mitano.

Mabaki yakigunduliwa, msifiche. Zuieni kundi hilo, ijulisheni taasisi ya ithibati mara moja kwa maandishi, kisha fuateni namba za magunia kurudi nyuma hadi shambani. Kikundi chenye namba kinampoteza mwanachama mmoja au wawili. Kisicho na namba kinapoteza ghala zima, kwa sababu haiwezekani kumtenganisha aliyekosa na asiyekosa.

Kwa ndugu zangu wa halmashauri, nina ombi mahsusi. Viwavijeshi wakiingia na mkaamua kupulizia kijiji kizima, ni wajibu wenu na hakuna anayewazuia. Kanuni za Marekani zinalitambua hilo: upuliziaji wa dharura ulioamriwa na serikali haumnyang'anyi mkulima cheti, ila mavuno yaliyoguswa na dawa hayauzwi kama hai. Kwa hiyo tunaomba taarifa ya maandishi kwa kikundi kabla ya bomba kuwashwa, ikitaja kitongoji, dawa na tarehe, na ramani ya mashamba hai iwe ukutani kwa afisa kilimo wa kata. Mkaguzi wa ndani ataleta nakala ya ramani hiyo. Wakaguzi mliopo hapa, kabla hamjaondoka leo, kila mmoja amtafute afisa wa kata yake humu ukumbini na wakubaliane siku ya kuipeleka.